Mkia Katika Misemo ya Kiswahili na ya Kiingereza: Maoni Juu ya Tafsiri ya Nahau

Miongoni mwa makosa ambayo wasahihishaji wa insha na tafsiri hupenda kuyapigia mstari mwekundu ni yale yaitwayo "Kiingereza kilichovikwa kanzu". Makosa ya aina hiyo yapo, tena ni mengi, na hapana haja ya kuyatetea. Lakini kalamu nyekundu ikisha kuzoea kukata hukata hata kisichostahili kukatwa. Nimepata kuiona nahau ya kufyata mkia ikikatwa katika karatasi ya mtihani kwa hoja kwamba Waingereza nao husema vivyo hivyo juu ya mbwa wao aliyeshindwa, na kwamba kwa hiyo mwanafunzi ameichukua huko. Hoja hiyo haisimami. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwa nini haisimami, na kutokana na hilo kutafuta kipimo ambacho mfasiri na msahihishaji waweza kukitumia wakutanapo na nahau za Kiingereza zilizojengwa juu ya mikia ya wanyama, ambazo si chache.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1939, anakieleza kitenzi fyata kuwa ni kubana kitu katikati ya miguu, kama mbwa abanavyo mkia wake au mtu abanavyo nguo yake. Hicho si kitenzi kilichoingia juzi kwa mlango wa gazeti. Isitoshe, kina jamaa zake katika lugha. Mtu hufyata ulimi anaponyamaza kwa hofu au kwa hekima. Na kwa kiambishi cha kutendua twapata fyatua: kufyatua mtego, kufyatua risasi, kufyatua matofali. Uhusiano wa fyata na fyatua ni ule ule wa fumba na fumbua, ziba na zibua, tega na tegua. Kilichobanwa kimeachiliwa. Neno lenye mizizi kama hiyo halikuazimwa. Na nahau iliyojengwa juu yake, ikiwa imefanana na ya Kiingereza, imefanana kwa sababu mbwa wa Mombasa na mbwa wa London wote wawili wakitishwa hufanya jambo moja. Wenye macho wa pande zote mbili wameliona, kila mmoja akalisema kwa lugha yake.

Nomino mkia nayo ni ya kale. Waganda husema omukira, Wachewa mchira, Wazulu umsila. Katika neno letu konsonanti iliyokuwa katikati ya irabu mbili za mwisho imedondoka, kama ilivyodondoka katika njaa, ambayo Waganda wangali wakiiita enjala. Nayataja haya kwa ufupi ili isidhaniwe kwamba jambo tunalolizungumza ni la pembezoni mwa lugha.

Mikia aijuayo msemaji wa Kipevu

Nahau hutoka katika vitu ambavyo watu wamevitazama kila siku hata havihitaji kuelezwa. Kwa hiyo swali la kwanza la mchunguzi si "Waingereza wasemaje?" bali "Wasemaji wetu wameitazama mikia gani?" Nitachukua mahali pamoja, Kipevu, upande wa bara magharibi ya kisiwa cha Mombasa. Sababu ya kupachagua ni kwamba hapo Kiswahili cha wenyeji na Kiswahili cha wafanyakazi waliotoka kila pembe ya nchi vimechanganyika kwa muda mrefu. Wachangamwe, walioupa mtaa mzima wa upande huo jina lao, ni mojawapo ya makabila matatu ya Thelathataifa, pamoja na Wakilindini na Watangana. Juu ya Waswahili hao wa asili wakaja wachukuzi wa bandari, watu wa reli, wafanyakazi wa gati ya mafuta iliyojengwa mwaka 1963 (ile mpya, iliyo katikati ya maji, ilifunguliwa mwaka 2022), na madereva wa malori ya kontena, hasa tangu gati ya kontena ya Kipevu Magharibi ilipoanza kazi mwaka 2016. Mikamba, Mijaluo, Mimijikenda na wengine wengi wamekutana hapo, na lugha waliyokutana kwayo ni Kiswahili.

Sasa, msemaji huyu aijua mikia gani? Wa kwanza ni wa ng'ombe. Kibarani, hatua chache kutoka hapo, ndipo Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1950, ilipoweka kituo chake cha Mombasa, na ng'ombe wa bara wamepita njia hiyo miaka mingi. Wa pili ni wa mbuzi na wa kondoo. Wa tatu ni wa taa, yule samaki bapa ambaye wavuvi wa hori ya Port Reitz humvua pamoja na samaki wengine, na ambaye mkia wake una mwiba wa sumu. Wa nne ni wa mbwa, lakini mbwa wa njiani. Nitarudi kwa mbwa huyu. Kuna pia wa paka, wa panya, wa mjusi unaokatika ukaendelea kuruka peke yake. Farasi hayumo. Mbweha wa kuwindwa kwa farasi hayumo. Kindi yumo mitini, ila sijui nani amepata kumtolea nahau.

Katika orodha hiyo fupi msomaji aona mara moja kwamba wanyama wengi wa nahau za Kiingereza hawapo, na wengine waliopo hawatazamwi kwa jicho moja. Chukua kondoo. Waingereza, wakitaka kusema kwamba jambo litafanyika upesi sana, husema litafanyika kabla mwana-kondoo hajatikisa mkia mara mbili. Mwana-kondoo wa Ulaya ana mkia mrefu mwembamba, na anyonyapo huutikisa upesi upesi kwa furaha; aliyemwona haulizi maana ya nahau. Lakini kondoo wetu wa kienyeji, wa Kimasai na jamaa zake, mkia wake ni mnene uliojaa mafuta. Na kondoo wa Kisomali mwenye kichwa cheusi hifadhi yake ya mafuta iko matakoni na mwanzoni mwa mkia. Mkia wa namna hiyo hubebwa, hautikiswi. Mfasiri anayeandika "kwa mitikiso miwili ya mkia wa mwana-kondoo" amempa msomaji wa Kipevu picha ya kitu kizito kinachoning'inia, na kwa hiyo amesema kinyume cha alichokusudia. Kufumba na kufumbua yatosha.

Mkia kama mahali

Tuitazame sasa misemo yetu wenyewe. Maarufu kuliko yote ni ile ya aliyemla ng'ombe mzima kutoshindwa na mkia. Husemwa kwa namna nyingi, mara kwa kuuliza, mara kwa kukanusha, lakini mkia humo ni kitu kimoja daima: sehemu ndogo ya mwisho iliyobaki baada ya kazi kubwa. Hapana lolote juu ya tabia ya ng'ombe. Mkia hapa ni kipimo cha mahali tulipofika.

Vivyo hivyo katika kurasa za michezo. Magazeti ya Kenya huandika kwamba timu fulani inavuta mkia, na timu zenyewe zikaitwa wavuta mkia. Tanzania husikika zaidi kushika mkia na kuburuza mkia. Vitenzi hivi vitatu vyastahili kutenganishwa, kwa kuwa picha zake hazilingani. Anayeburuza mkia ni mnyama mwenyewe, na mkia ni wake. Anayevuta mkia, kwa picha ya asili, hana budi kuwa nyuma ya mnyama mwingine. Na anayeshika mkia? Nionavyo, hapa hapana mnyama tena. Kushika mkia kumejengwa kwa mfano wa kushika nafasi: timu hushika nafasi ya kwanza, hushika nafasi ya pili, hata ya mwisho ikashika mkia. Mkia umekwisha kuwa jina la nafasi.

Ushahidi wa hilo wapatikana katika sarufi. Husemwa timu iko mkiani, tena mkiani mwa jedwali, kwa kiambishi cha mahali na upatanisho wa ndani. Na kinyume chake ni nini? Kama picha ya mnyama ingalikuwa hai, kinyume cha mkiani kingalikuwa kichwani. Lakini hakuna mwandishi wa michezo anayeandika kwamba bingwa yuko "kichwani mwa jedwali". Huandika yuko kileleni. Kilele ni cha mlima au cha mti. Kwa hiyo katika jedwali moja la ligi tuna mlima juu na mnyama chini, wala msomaji hashtuki, kwa sababu sitiari zote mbili zimekufa na kilichobaki ni juu na chini.

Jambo hilo hilo laonekana barabarani. Gari la moshi lina kichwa, nacho ni ile injini ivutayo. Lori la kontena nalo lina kichwa, ambacho huweza kufunguliwa kikaenda peke yake. Lakini kinachofuata nyuma hakiitwi mkia. Kwenye reli ni mabehewa, kwenye barabara ni tela. Mwenye kupita njia ya Makupa kwenda Changamwe aweza kuhesabu vichwa mia asione mkia hata mmoja. Sidhani kuwa ni bahati tu. Tela ndiyo yenye mzigo, na mzigo ndio sababu ya safari; wala Kiswahili hakipendi kuita mkia kitu chenye thamani kuliko kichwa. Mkia ni kile ambacho kikikosekana, kazi imekwisha kufanyika.

Mkia ukipata heshima

Kama haya ni kweli, twatarajia kwamba mahali ambapo mkia wa mnyama umepata heshima lugha itauita jina jingine. Na ndivyo ilivyo. Mkia wa ng'ombe au wa nyumbu ukisha kukatwa, kukaushwa na kutiwa mpini huitwa usinga, jina lenye udugu na nywele za singa, au huitwa mgwisho, hasa ukiwa mkononi mwa mganga. Mzee Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza wa Kenya, alijulikana kwa usinga wake hata alipofariki mwaka 1978. Picha zake nyingi za hadharani zamwonyesha akiupunga. Kamuzu Banda wa Malawi naye alikuwa na wake. Sijapata kumsikia mtu yeyote, hata mpinzani, akisema kwamba Kenyatta alishika mkia. Angalisema hivyo angaliwachekesha watu, maana kushika mkia ni kuwa wa mwisho, na yeye alikuwa wa kwanza. Kitu ni kile kile kimoja. Kilipobadilika cheo kilibadilishwa jina.

Taa aelekea kuivunja kanuni hii. Mkia wake hukaushwa ukawa kiboko, na kiboko hicho huitwa wazi wazi mkia wa taa, jina ambalo mtoto wa pwani halisikii kwa furaha. Hapa mkia umekuwa chombo cha mamlaka bila kubadili jina. Pengine ni kwa sababu mkia wa taa, tofauti na wa ng'ombe, ni silaha tangu ungali mwilini mwake: mwiba uko huko huko, na mvuvi anayetoa taa wavuni hujihadhari na nyuma kuliko na mbele. Heshima yake haikutokana na mpini. Na kwa kuwa tumefika kwenye viboko, yafaa kukumbuka kwamba jeshi la maji la Uingereza lilikuwa na mjeledi wa kamba tisa ulioitwa paka mwenye mikia tisa, na kwamba neno letu kiboko lenyewe ni jina la mnyama ambaye ngozi yake ndiyo iliyokatwa vipande vya mijeledi. Katika adhabu lugha zote hupenda kumsingizia mnyama.

Kuna mfano mwingine wa kuunga mkono kanuni, nao ni wa kutokuwepo. Methali yasema ng'ombe haelemewi na nunduye. Maana yake ni kwamba mtu hachoki kuwabeba walio wake. Angalau kwa upande wa mwili, mkia wa mafuta wa kondoo ungalifaa kwa methali hiyo pengine kuliko nundu, kwa kuwa mkia huo ni mzigo wa kweli. Waswahili wakachagua nundu. Nundu iko juu, mkia uko nyuma. Na mzigo wa heshima hauwekwi nyuma.

Si kila lugha ya jamaa yetu ina fikira hiyo. Wazulu wana methali isemayo kwamba pimbi alikosa mkia kwa sababu ya kuagiza. Hadithi iliyo nyuma yake ni kwamba siku wanyama walipogawiwa mikia, pimbi aliona uvivu kutoka, akawaomba wenziwe wamchukulie wa kwake. Hakuletewa, na mpaka leo hana. Humo mkia ni fungu la haki, na kuukosa ni aibu. Nimeona vema kuitaja ili isije ikadhaniwa kwamba udhalili wa mkia ni wa Waafrika wote, au wa Wabantu wote. Ninayoyasema ni ya Kiswahili.

Mbwa wa sebuleni na mbwa wa njiani

Tumefika sasa kwenye mbwa, na hapa ndipo nahau za Kiingereza zilipolundikana. Mbwa wa Mwingereza yumo ndani ya nyumba. Hulala miguuni pa bwana wake, na bwana huusoma mkia kama mtu asomavyo uso: umeinuka, umelegea, watikiswa polepole, watikiswa kwa kasi. Mkia kwake ni lugha ya moyo. Hata wanyama wengine wa Kiingereza husomwa kwa namna hiyo. Mtu mchangamfu asubuhi husemwa kuwa ana macho maangavu na mkia wa manyoya tele, kama kindi. Anayekimbia upesi husemwa ameinua mkia juu, kama paa au farasi. Aliyeshindwa vitani ameugeuza.

Katika miji ya Waswahili hali ni nyingine. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa kwa hiyo hakuingia sebuleni. Alitazamwa kwa mbali, na mara nyingi alitazamwa akifukuzwa. Ndiyo maana katika mikao yote ya mkia wake uliopata nahau imara ni ule mmoja, wa kufyata. Sisemi kwamba Mswahili hakuiona mingine. Ameiona, mtu anayejikomba kwa tajiri husemwa anamtikisia mkia, na anayeisikia haelezwi. Lakini angalia tofauti: mbwa wa Kiingereza atikisaye mkia amefurahi, wa kwetu ataka mfupa. Kwa mmoja ni hisia, kwa mwingine ni cheo cha aliye chini mbele ya aliye juu. Hata kufyata, ukikupima vema, ni kushuka cheo. Waarabu na Wahindi, majirani zetu wa bahari, wana methali zao kwamba mkia wa mbwa haunyooki, maana yake tabia mbovu haiponi; na mtu akiisema kwa Kiswahili Mombasa ataeleweka papo hapo, kwa kuwa nao watazama kasoro, hautazami furaha.

Basi kipimo nilichokitafuta ni hiki. Nahau ya Kiingereza ambayo mkia wake ni mahali, mwisho, salio au udhalili huingia katika Kiswahili bila kusukumwa. Ile ambayo mkia wake ni hisia au uchangamfu hugonga mlango ikabaki nje, hata itafsiriwe kwa ufundi gani.

Tuipime kauli ya mkia kumtikisa mbwa, iliyoanza Marekani katika karne ya 19 na ambayo wanasiasa na wahariri wa leo huipenda. Wapo walimu wanaoikata. Kwa maoni yangu wasiikate. Msomaji aliyezoea kwamba mkia ni wa mwisho na wa chini haoni taabu kuelewa kwamba hapa wa chini amemtawala wa juu. Picha ni ngeni lakini mpangilio wa vyeo ni wake. Vivyo hivyo uchungu ulio mkiani, ambao Waingereza walimchukulia nge. Hotuba iliyoanza kwa sifa ikaisha kwa tusi yaweza kusemwa kuwa mwiba wake ulikuwa mkiani, na mvuvi wa Kipevu atadhani umemzungumzia taa. Amekosea mnyama, maana ameipata sawasawa.

Ile ya kugeuza mkia kwa maana ya kukimbia haifai. Kiswahili kina kisogo na mgongo kwa kazi hiyo, na askari "waliogeuza mikia" watamfanya msomaji aulize ni askari wa namna gani. Kufukuza mkia wake mwenyewe, kwa maana ya kujisumbua bure, iko katikati. Picha yaonekana, ila tunayo kutwanga maji kinuni, ambayo ni nzito zaidi na ambayo mfasiri aliyeiacha hana udhuru. Ya macho maangavu na mkia wa manyoya haitafsiriki kabisa. Nimepata kuona majaribio yake, tuyaache.

Kitu kisichoeleweka Mwingereza husema hakioni kichwa wala mkia. Sisi twasema maneno hayana kichwa wala miguu. Siku hizi "kichwa wala mkia" husikika redioni na kusomwa magazetini, na kwa kipimo changu yapasa niikubali, kwa sababu mkia humo ni mwisho tu. Naikubali kwa shingo upande. Miguu yetu inasema jambo ambalo mkia hausemi: kwamba maneno hayo, pamoja na kutojulikana mwanzo wake, hayana pa kusimamia. Mwanafunzi akiandika mkia nisingemkata alama, lakini ningeandika miguu pembeni.

Na sarafu? Watangazaji wa kandanda, mwamuzi arushapo sarafu, husema "kichwa au mkia". Huko kwa Waingereza jina la upande wa pili lilipatikana kwa kuwa ni kinyume cha kichwa cha mfalme, wala hapana mnyama aliyekusudiwa. Kwetu hata kichwa hakipo tena. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 231, imekataza sura ya mtu yeyote katika noti na sarafu, na sarafu zilizotolewa mwaka 2018 zina ngao ya taifa upande mmoja na mnyama upande wa pili: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. "Ngao au mnyama" ingekuwa kweli tupu, nayo ni fupi vya kutosha kusemwa kabla sarafu haijaanguka.

Kamusi

Limebaki jambo la wanakamusi. Ikiwa mkia umekwisha kuwa jina la nafasi, basi kamusi isiishie kueleza kiungo cha mnyama na kutupa misemo chini yake kana kwamba yote imetoka kwa kiungo hicho. Ningependa kuona maana ya pili yenye namba yake, "nafasi ya mwisho katika mpangilio", na chini yake shika mkia, vuta mkia, buruza mkia, pamoja na mkiani mwa na kinyume chake kileleni mwa. Maana ya tatu iwe salio la kazi, na mfano wake ule wa ng'ombe. Usinga na mgwisho vielekezwe kutoka mkia na kurudi, kwa sababu mgeni wa lugha hana njia ya kujua kwamba ni kitu kimoja. Kufyata mkia nisingeliweka chini ya mkia hata kidogo. Pahali pake ni chini ya fyata, pamoja na fyata ulimi, ikiwa jirani ya fyatua, ili msahihishaji atakayeitafuta kwa shaka aikute katikati ya jamaa zake.